Pima Kwanza, Fundi!

Muhula wa pili mwaka jana nilikaa nyumbani wiki tatu nzima. Wenzangu darasani walidhani nilikuwa mgonjwa. La hasha! Mgonjwa ilikuwa injini ya matatu ambayo baba huendesha kati ya Thika na Ruiru. Ilikuwa inakunywa oili na kutoa moshi wa samawati, ikapelekwa gereji moja ambayo sitaitaja, fundi akatia ringi mpya za pistoni kwa siku moja tu, akalipwa na kusifiwa kwa wepesi wake. Haikumaliza mwezi. Moshi ulirudi na nguvu ikaisha mlimani. Matatu ikalala, baba akalala, karo nayo ikalala.

Mpenzi msomaji, siandiki haya ili nimchongee mtu. Nina hoja moja tu: fundi anayefungua injini bila kuipima hajatengeneza kitu. Amecheza kamari, na pesa zilizo mezani si zake.

Hoja hii niliiokota Ruiru likizo ya Aprili, kwa mjomba wangu. Gereji yake ni mabati machache na mti wa parachichi. Siku hiyo ililetwa pale Datsun 240Z, gari la milango miwili, boneti ndefu kama mdomo wa korongo. Wazee wa mtaa walitoka kuitazama, na haikuwa ajabu. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari la aina hii, na mwaka wa 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda tena kwa 240Z akiwa na Lofty Drews. Siku hizi magari ya umri huo hushindana katika ile Safari ya magari ya kale iliyoanza mwaka wa 2003. Kwa hivyo mwenye gari hakuwa na chuma cha kukwaruza, alikuwa na mali. Na kwingine alikotangulia kwenda aliambiwa injini hiyo itupwe, atafutiwe nyingine kuukuu!

Mjomba hakushika spana. Alishika daftari. Akaniambia, “Wewe kijana, andika.” Kabla ya kufungua chochote alipima mgandamizo wa kila silinda, zote sita. Tano zilikaribiana, ya tatu ikawa chini sana. Hapo akamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, akapima tena, na mshale ukapanda. Akacheka. Maana yake ni kwamba ile oili imeziba mwanya kati ya ringi na ukuta wa silinda, basi ubovu uko huko. Kama mshale ungekataa kupanda, angeshuku valvu au gasketi. Injini haijafunguliwa na tayari imesema!

Hedi ya injini hii ni ya alumini na bloku ni ya chuma, kwa hivyo bolti zake hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia pembeni kwenda katikati, isije hedi ikapinda. Valvu zote 12 niliziweka katika trei ya mayai, kila moja na nambari yake. Kazi hiyo ilinichosha, nikauliza kwa nini tusizitie tu ndani ya ndoo. Jibu nililipata tulipofika chini. Kila konrodi ina kifuniko chake, vilichongwa pamoja kama kufuli na ufunguo, na huwezi kuvibadilishana. Tulikuta kifuniko cha konrodi ya 2 kimefungwa kwenye ya 5. Kumbe kuna mtu aliwahi kuifungua injini hii, akatumia ndoo! Beringi zote mbili zilikuwa zimechubuka vibaya.

Kisha silinda zenyewe. Kila moja hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Hizo ni tarakimu 36. Sababu ni kuwa pistoni ikishuka husukuma ukuta upande mmoja kuliko mwingine, na ringi husugua zaidi sehemu ya juu kwenye joto kali. Shimo lililotoka kiwandani likiwa duara la milimita 83 huishia kuwa yai. Sasa mtu akitia ringi mpya, ambayo ni duara, ndani ya yai, atazuia nini? Niliposikia hayo niliikumbuka ile matatu, na roho ikaniuma kweli.

Silinda ya tatu ilikuwa imezidi kwa milimita 0.24. Kwa mjomba, ikipita 0.2 hakuna mjadala, ni kuchongwa. Zikapelekwa Thika kuchongwa zote sita hadi 83.5, kwani haifai pistoni moja iwe nene kuliko dada zake. Nilikokotoa jioni hiyo. Mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, basi ukitumia 22/7 injini ilikuwa na sentimita za ujazo 2393 na sasa ina 2422. Hesabu za Form Two, lakini sijawahi kuzifurahia namna hiyo.

Krenki je? Ilipimwa, ikaonekana nzima, ikasuguliwa tu. Hapa ndipo nilipomheshimu mjomba. Angesema krenki imekufa, yule mzee angelipa, nani angejua? Badala yake alimwita akamwonyesha daftari, safu kwa safu. Mzee akatia miwani akasoma yote.

Nikampelekea baba habari hizi nikidhani atamkasirikia yule fundi wa kwanza. Akanyamaza, kisha akasema ni yeye aliyemkimbiza, kwa maana mwenye matatu alitaka gari barabarani kesho yake. Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli, siku moja bila kazi ni hasara, na vyombo vya kupimia ni ghali kwa fundi wa jua kali. Hata hivyo sikubali kwamba huo ndio mwisho wa maneno. Mjomba alinionyesha ujanja wa maskini: chukua ringi, isukume ndani ya silinda hadi chini ambako hakujalika, pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji. Ipandishe juu, pima tena. Tofauti ya mianya igawanye kwa 3.14, utajua silinda imepanuka kiasi gani. Ukipata 0.32 chini na 0.95 juu, tofauti ni 0.63, yaani silinda imelika 0.2. Fila geji ni kitu cha kutia mfukoni, na kazi yote haizidi saa moja. Saa moja! Mimi nilikosa masomo ya wiki tatu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya walioanguka mtihani. Mwanafunzi mmoja aliniambia hivyo hivyo, ati kwa nini nijipake grisi na mimi niko nambari sita darasani. Thika hii ina kiwanda cha KVM, kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, na magari yameunganishwa hapo. Power Mechanics ni somo la KCSE, ila shule yetu haina, na sidhani litaletwa kabla sijamaliza.

Basi ombi langu kwa Mwalimu Mkuu ni dogo. Nyuma ya stoo, karibu na matangi ya maji, kuna injini ya lori la zamani iliyofunikwa kwa gunia, na kuku wa jirani hutagia hapo. Tupewe Jumamosi moja, tuifungue, tuipime na kuandika. Trei za mayai nitaleta. Fila geji mjomba amekubali kuniazima, ila anasema nimrudishie Jumatatu.