Jina linalofungua mlango

Wapo kati yetu wanaopendekeza kwamba masomo ya tafsiri yatumie filamu, si vitabu peke yake. Naunga mkono wazo hilo, na kama ningeombwa kuchagua filamu moja, ningechagua Ma vie de Courgette. Najua jibu litakalotolewa. Wengine watasema hii ni filamu ya vikaragosi, mambo ya watoto, na sisi tuna Molière na Shaaban Robert wa kutushughulisha. Wengine watasema ni habari ya yatima wa Ulaya, na kwetu ukoo ni mpana, mtoto hakosi pa kulala. Nadhani pande zote mbili zinakosea, na kosa lao ni la lugha.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2016. Ni kazi ya Uswisi na Ufaransa kwa pamoja, ikiongozwa na Claude Barras, na mchezo wake uliandikwa na Céline Sciamma kutoka riwaya ya Gilles Paris ya mwaka 2002. Mwaka huo huo ilipata tuzo kubwa ya tamasha la Annecy, na mwaka 2017 ikapewa César mbili: ya filamu bora ya katuni na ya utohozi bora. Ina urefu wa dakika 66 tu. Sauti za watoto ni za watoto kweli wasiokuwa waigizaji wa kazi, na zilirekodiwa kwanza, ndipo vikaragosi vikapigwa picha moja baada ya nyingine. Ndiyo maana wanasema maneno machache, wanakatizana, wananyamaza.

Habari yenyewe ni nyepesi kusimulia. Mvulana wa miaka tisa anaishi na mama mlevi. Siku moja, kwa hofu ya kupigwa, anaufunga kwa nguvu mlango wa chumba cha darini. Mama anaanguka kwenye ngazi na kufa. Polisi mmoja, Raymond, anaandika maelezo yake kisha anampeleka kwenye makao ya watoto. Hapo mtoto anaanza kutafuta kwao kupya.

Lakini tazameni jinsi mambo yanavyoanza. Raymond anamuuliza jina. Katika karatasi za serikali mtoto ni Icare. Yeye anataka aitwe Courgette, mboga ile ya jamii ya maboga, kwa sababu ndivyo mama yake alivyomwita. Mtu mzima mwingine angecheka au angemwambia kwamba hilo si jina. Raymond analikubali. Kwa maoni yangu nyumba mpya ya Courgette inaanza kujengwa pale, mbele ya meza ya polisi, muda mrefu kabla hajapewa kitanda. Mtu amemwita kama anavyotaka kuitwa. Akifika makaoni, Simon, mbabe wa kundi, anaanza kwa kumwita kiazi. Tunaelewa mara moja kwamba bado hajapokelewa.

Sasa neno makao. Kifaransa kinasema foyer, neno lililoanza na mahali pa kuwashia moto, likawa familia inayoota moto huo, kisha likawa pia jengo la watoto wasio na familia. Mtoto anayepelekwa huko anaitwa enfant placé, aliyewekwa, kama mzigo unavyowekwa rafuni. Filamu inacheza kati ya maana hizi bila kuzieleza. Courgette anawekwa mahali, na mahali hapo panageuka kuwa jiko lenye moto. Mfasiri akiandika kituo, moto umezimika. Akiandika nyumbani, amewahi mno, maana mtoto bado hajafika. Mimi ningeandika makao mwanzoni, na ningengoja mpaka watoto wenyewe waanze kusema kwetu.

Mfano wa pili ni tiara ambayo Courgette anaibeba kila mahali. Upande mmoja amemchora baba yake, asiyemjua, kama shujaa. Upande wa pili amechora kuku, kwa sababu mama alikuwa akisema kwamba baba alipenda poules. Kila mtu mzima anayejua Kifaransa cha mitaani anaelewa kwamba mama hakuwa anasema juu ya ndege. Mtoto ameipokea lawama kama zawadi, akaipaka rangi. Tukitafsiri wanawake, picha ya kuku haina maana tena. Tukitafsiri kuku, uchungu wa mama umepotea. Napendekeza: "Baba yako alipenda kuku wa majirani." Mkubwa atasikia, mdogo atachora. Mwenye tafsiri bora na ailete. Ndiyo kazi tunayosomea.

Mfano wa tatu unajibu wale wanaosema kwetu ukoo unatosha. Camille, msichana anayeingia makaoni baada ya Courgette, ana ndugu wa damu. Ni tante yake, anayetaka kumchukua kwa ajili ya fedha za malezi, na anamtesa kwa maneno tukiwa tunasikia. Kwa Kiswahili lazima tuchague: ni shangazi au ni mama mdogo? Kifaransa hakituambii. Sisi tukisema mama mdogo, tumeshamwita mama, na masikioni mwetu neno hilo linamtetea kabla hajafungua kinywa. Kinachomwokoa Camille ni sauti ya huyo mwanamke iliyorekodiwa kwa siri na kusikilizwa mbele ya hakimu. Damu ilikuwa na haki, lakini maneno yake yenyewe yakaishuhudia vibaya.

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Katika miji yetu wapo watoto wanaolala nje, nao wengi wana baba wakubwa, shangazi na mama wadogo wanaojulikana. Wengine walifukuzwa kwa neno moja: mchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto nchini kwetu, inaadhibu katika kifungu cha 160 mtu anayemshutumu mtoto kwa uchawi. Watunga sheria walielewa kwamba jina peke yake linaweza kumtoa mtoto nyumbani. Na akishatoka tunampa jina la pili, shege, ili tupite bila kusimama. Filamu hii inaonyesha njia ya kinyume: mtoto anarudishwa kati ya watu kwa kuitwa vizuri.

Kuna lawama moja ninayoikubali kwa sehemu. Polisi mwema anayewachukua Courgette na Camille kwake ni bahati ambayo watoto wengi hawaipati. Lakini filamu haifichi jambo hilo. Simon, ambaye ndiye anamhimiza rafiki yake akubali, anabaki makaoni. Anajua kwamba watoto wa umri wao hawachukuliwi mara nyingi. Béatrice, ambaye mama yake alifukuzwa nchini na kurudishwa Afrika, anakimbia nje kila gari linapofika. Siku mama anapokuja kweli, mtoto anasita. Hapo hakuna utamu wa bure. Kuna watoto wanaomuuliza Rosy, mlezi wao, kama atampenda mtoto wake hata akiwa mbaya wa sura, hata akilia usiku kucha, na wanashangaa kila anapojibu ndiyo.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wetu wa tafsiri jambo moja. Dakika hizi 66 zigawanywe kati ya wanafunzi, tuziandikie maneno ya Kiswahili chini ya picha, kisha tubishane hadharani juu ya foyer, poules na tante. Tutajifunza sarufi kidogo na mengi zaidi juu ya uzito wa jina. Sisi ndio tutakaoandika kesho katika magazeti, mahakamani na mashuleni namna watoto hawa watakavyoitwa.