Uaminifu si kuitikia "Ndiyo Mzee"



Nataka kutoa maoni yangu juu ya neno uaminifu, ambalo linatumiwa ovyo maofisini na vikaoni. Mtu akihoji jambo huambiwa si mwaminifu. Anayeitikia kila kitu "ndiyo mzee" ndiye anayesifiwa. Naona tumechanganya mambo matatu.

Kwanza, utii. Utii ni kufuata amri, na kazi haiendi bila utii. Lakini mtu aweza kutii kwa woga au kwa ajili ya mshahara tu. Pili, kujipendekeza. Huyu hata amri haingoji. Hutazama uso wa mkubwa akasema la kumfurahisha. Tatu ndiyo uaminifu, yaani kushikamana na dhamana uliyokabidhiwa hata inapokutia hasarani.

Tuchukue mfano wa nchini kwetu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa katika upelelezi wa mauaji, na baadhi yao waliteswa na kufia mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu, lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa wizara ilikuwa dhamana yake. Aliyemtesa mahabusu pengine alijiona mtii sana kwa Serikali. Mimi nasema aliyekuwa mwaminifu kwa Serikali na kwa wananchi ni yule aliyeacha kiti. Wala Taifa halikumtupa: mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Jambo hili haliwahusu mawaziri peke yao. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, mtunza ghala aliletewa hati atie sahihi kwamba amepokea mifuko ya mbolea ambayo haikuwa imefika. Alikataa. Akaambiwa "wewe si mwenzetu", na baada ya muda mfupi akahamishwa. Aliyeshika nafasi yake alitia sahihi bila kuuliza, akaitwa kijana mtiifu. Msimu ule wakulima walipanda bila mbolea. Je, katika hao wawili, nani alikuwa mwaminifu?

Najua wapo watakaosema kwamba maneno yangu yatawapa nguvu wakorofi na wafitini. Sikubali. Ahadi za mwanachama wa TANU ziliagiza kusema kweli daima na kuifanya fitina mwiko, yote mawili kwa pamoja. Mwaminifu husema mbele ya kikao, au humwendea mkubwa wake akamweleza ana kwa ana. Mfitini hunyamaza kikaoni akaja kusema vichochoroni. Tena, uamuzi wa halali ukishapitishwa, mwaminifu huutekeleza kwa bidii hata kama aliupinga. Anachokataa ni uovu na wizi, na hapo hata amri ya mkubwa haimfungi.

Katiba yetu inamtaka kila Mbunge ale kiapo cha uaminifu kabla ya kuanza kazi. Uaminifu huo anauapa kwa Jamhuri ya Muungano. Hauapi kwa waziri wala kwa mkurugenzi, maana wakubwa huja na kuondoka, nchi ikabaki.

Mwisho, nawaomba viongozi wetu wasimhesabu anayeuliza kuwa adui. Kiongozi aliyezungukwa na wasifiaji ndiye wa mwisho kujua kwamba ghala ni tupu. Na sisi watumishi, kabla ya kutia sahihi, tukumbuke kwamba yupo mkulima anayeingoja ile mbolea.

Mtumishi Mstaafu,
Morogoro.