BREKI ZENYE UPEPO: DEREVA ASIKUBALI

Ndugu Wafanyakazi,

Wengi wetu tunaofanya kazi ya reli Mombasa twalala ng'ambo ya kusini: Ukunda, Diani, Msambweni na hata Kwale mjini. Kila siku twapanda matatu hadi Likoni. Kwa hiyo shauri la breki za motokaa ni shauri letu pia, wala si la madereva peke yao.

Neno letu ni hili: gari lililofunguliwa breki lisipakie abiria mpaka limetolewa upepo wote, na dereva anayekataa kulichukua kabla ya hapo asifukuzwe.

Katika reli upepo ni rafiki. Tangu breki ya George Westinghouse ya mwaka 1872, bomba la upepo likikatika, breki hujifunga zenyewe na treni husimama. Katika motokaa ndogo na matatu ni kinyume. Huko kazi hufanywa na mafuta ya breki. Mafuta hayabonyei, dereva akikanyaga, nguvu yafika gurudumuni. Lakini fundi akifungua bomba, au akibadilisha silinda ya gurudumu, upepo huingia, nao hubonyea. Pedali huzama kama godoro, na gari laendelea mbele.

Dawa yake si siri. Yataka watu wawili, spana, mpira mwembamba na chupa. Mmoja akanyaga pedali na kuishikilia. Mwenziwe alegeza skrubu ya kutolea upepo, mafuta na mapovu yatoka, kisha aikaza; ndipo yule wa kwanza aachilia mguu. Hurudia hivyo mpaka mapovu yaishe, gurudumu baada ya gurudumu. Kopo la mafuta lisikauke, maana upepo utaingia upya. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe, wala yasitumiwe yaliyokaa wazi, kwa kuwa hunyonya unyevu, na pwani yetu haina uhaba wa unyevu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya digrii 205 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji, kiwango ni 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, nao hubonyea kama upepo. Fikirini matatu iliyojaa ikiteremka kutoka Kwale mjini kwenda Kombani, mguu wa dereva juu ya breki njia nzima.

Wako matajiri wasemao, "Piga pedali mara mbili tatu, zitashika. Gari likilala gereji, hesabu ya leo haitimii." Dereva hukubali, kwa sababu hulipwa kwa siku na wapo wengi wanaokingojea kiti chake. Hatumlaumu kwa njaa yake. Lakini mtoto akikatiza barabara Ukunda, au watu wa miguu wakiwa mbele ya gari kwenye mteremko wa kivuko Likoni, nafasi ya kupiga pedali mara tatu haipo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kwa dereva, mahali pa kazi ni gari.

Treni haiondoki stesheni kabla breki hazijajaribiwa. Twataka desturi hiyo hiyo kwa matatu. Fundi aandike daftarini alichobadilisha na atie sahihi. Dereva alijaribu gari tupu, polepole, mahali pasipo watu. Pedali iwe ngumu kwa mkanyago wa kwanza. Nasi abiria tusimpigie kelele gari likichelewa kwa ajili hiyo, hata kama tutafika kazini tumechelewa.

Ndugu madereva, mkipewa gari la namna hii, ripotini kwa chama chenu siku ile ile. Akikataa mmoja, atatafutwa mwingine. Mkikataa wote, gari litatengenezwa.

Umoja ni nguvu.