Shamba Lisilohesabiwa

Mchungaji mwenye kondoo mia moja alijua kwamba mmoja amepotea kwa sababu alikuwa amewahesabu. Serikali isiyojua hesabu ya mashamba haiwezi kumjua aliyeachwa nyuma.

Hapa Kosele tunalima mahindi na maharagwe katika vishamba vidogo. Jirani zetu wa Kabondo hulima viazi vitamu. Awendo ni miwa, Kuria ni tumbaku, na mwambao wa Karungu na Mbita hutegemea uvuvi, mtama na mifugo. Mvua na udongo vimechangia tofauti hizo, lakini siasa nayo imeshika jembe. Wakoloni walihimiza pamba kandokando ya ziwa huku wakiwahifadhia walowezi kahawa. Ni katika miaka ya 1930 tu ambapo Waafrika wachache, wakiwemo wa Kisii, waliruhusiwa kuipanda, tena kwa masharti. Baada ya uhuru, kiwanda cha sukari kilijengwa Awendo katika miaka ya 1970, na mashamba mengi yakageuzwa kuwa ya miwa.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya kaya milioni 6 za wakulima nchini. Mwaka 2023 serikali ilisajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Twauliza: mjane anayelima shamba ambalo hati yake ingali katika jina la marehemu baba mkwe, je, aliandikwa? Na kijana anayelima shamba la kukodi?

Katiba ya 2010 imekabidhi kaunti huduma za kilimo. Ibara ya 35 yatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 201 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Hatuombi majina ya watu. Twadai hesabu ya kila wadi ibandikwe hadharani: mashamba mangapi, ya ukubwa gani, yanazalisha nini, na maafisa wa kilimo ni wangapi.

Makadirio ya kaunti sharti yafike katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Basi kila kanisa na kila kikundi kiteue watu wawili wahudhurie vikao vya maoni wakiwa na hesabu zao mkononi. Waliotutangulia walipigania kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, ili kila kura iwe na maana. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba kila shamba nalo linahesabiwa.