KULEA MWANA NI KAZI, NA KAZI INA UJIRA

Ndugu wafanyakazi,

Wazee walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Sote twalitaja neno hili, lakini siku ya kulipa ikifika twalisahau.

Kila asubuhi katika vichochoro vya Mji wa Kale, Kibokoni hadi Kuze, akina mama hupiga hodi kwa jirani, humkabidhi mtoto, chupa na nguo, kisha hukimbilia kazini. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Mwezi wa nne, mtoto yu mikononi mwa jirani huyo. Na akiulizwa bei, mlezi huona haya, husema, "Utakachojaaliwa, mwanangu." Basi hujaaliwa kidogo, na siku nyingine huambiwa, "Kesho, mama." Mzazi akikwama feri ya Likoni mpaka usiku, saa hizo hazihesabiwi.

Twasema wazi: hii si hisani, ni kazi! Tuseme mlezi ana watoto watano, kila mmoja shilingi 100 kwa siku. Kwa siku 26 apata shilingi 13,000, ikiwa wote wamelipa, na hapo hajatoa makaa, sabuni wala maji. Amri ya mishahara ya 2024 iliweka kima cha chini cha shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa yaya aliyeajiriwa Mombasa. Yaya wa nyumba ya tajiri yumo katika amri ile. Mlezi wa watoto watano nyumbani kwake hayumo. Bei yake ataiweka nani, kama si yeye mwenyewe?

Wako wasemao kuandika masharti ni kuvunja ujirani. Si kweli. Ujirani huvunjwa na deni na kununiana. Hata Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, yaamrisha deni liandikwe. Basi walezi wa mtaa mmoja wakutane, wapatane kima cha chini, wasishindanishwe. Na kabla mtoto hajavuka kizingiti, yaandikwe haya daftarini, pande zote mbili zitie sahihi:

1. Bei, na siku ya kulipa. Malipo yatangulie juma.
2. Saa ya kuleta mtoto na saa ya kumchukua. Saa ya ziada ina bei yake.
3. Siku asiyokuja, nusu italipwa, kwa kuwa nafasi yake imewekwa.
4. Mtoto mwenye homa abaki kwao. Akiugua kwa mlezi, mzazi apigiwe simu, aje.
5. Bei haipandi bila notisi ya mwezi mmoja.
6. Idadi ya watoto. Mlezi naye asirundike watoto kumi na watano chumba kimoja kwa tamaa. Huko ni kuuza usalama wao.

Ndugu mzazi, twajua mshahara wako hautoshi. Lakini usiujazilize kwa kumpunja mwanamke aliye mnyonge kama wewe. Makuli wa Mombasa walipogoma Januari 1947, hawakudai kwa jirani. Walidai kwa mwajiri. Nawe leta dai la posho ya malezi katika mkutano wa tawi lako, tulipeleke kwa mwajiri pamoja.

Na jioni ya leo, ukienda kumchukua mtoto, nenda na pesa mkononi.

UMOJA NI NGUVU!