Kompyuta Isiamue Peke Yake: Hatari ya Flashi Inayojiendesha

Isaka, mkoani Shinyanga, flashi bado inabeba kazi nyingi za watu. Kijana anayeomba ajira anapeleka barua na vyeti steshenari vikachapwe. Wakala wa forodha anayehudumia mizigo ya bandari kavu anatembea na nakala za nyaraka. Mwalimu anabeba mtihani wa wanafunzi wake. Jioni flashi hiyohiyo inapelekwa kibandani kurushiwa nyimbo na muvi, kisha inachomekwa kwenye kompyuta ya nyumbani, ile ambayo watoto wanasomea na baba anatunzia hesabu za duka. Kwa siku moja imepita mashine tatu au nne, na mwenye flashi hajui kila mashine ilichomekwa nini kabla yake.

Swali la kujiuliza ni hili: je, kompyuta ya nyumbani iruhusiwe kufungua au kuendesha kilichomo mara tu flashi inapochomekwa? Ninasema hapana. Tena ninasema kazi ya kuziba mwanya huo ianze kwa fundi na muuzaji, kabla ya kumlaumu mtumiaji.

Uwezo wa kompyuta kuendesha programu yenyewe uliletwa na Windows 95, mwaka 1995, kwa nia njema. Mtu alitumbukiza CD, kompyuta ikasoma faili dogo liitwalo autorun.inf, na programu iliyotajwa humo ikaanza bila yeye kubofya chochote. CD ya kiwandani haikuleta shida kubwa kwa sababu kompyuta ya mtumiaji haikuweza kuandika kitu juu yake. Flashi ni tofauti: kila mashine inayoisoma inaweza pia kuiandika. Kirusi kilichoko kwenye kompyuta moja kinajinakili kwenye flashi, kinaweka faili lake la autorun.inf, na mashine inayofuata inakitii bila kuuliza.

Dunia ilijifunza somo hilo kwa gharama. Mwaka 2008 kirusi kilichoitwa agent.btz kiliingia kwenye mitandao ya jeshi la Marekani kupitia flashi, na Novemba mwaka huo wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, Pentagon, ikapiga marufuku matumizi ya flashi. Mwezi huohuo kikagundulika kirusi kingine, Conficker, kilichoambukiza mamilioni ya kompyuta duniani. Toleo lake lililofuata lilienea pia kwa flashi, kwa hila ya pekee: kwenye dirisha la AutoPlay, linalojitokeza flashi inapochomekwa, kilijichorea alama ya folda na maneno ya kumwalika mtu afungue folda aone mafaili. Aliyebofya akidhani anafungua folda, alikuwa amewasha kirusi.

Microsoft, mtengenezaji wa Windows, ilichelewa, lakini ilichukua hatua. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilikuja ikiwa imezima uwezo wa flashi kujiendesha. Februari 2011 kampuni ikasambaza sasisho la kuuzima kwenye Windows XP na Vista pia, na ndani ya miezi michache maambukizi ya njia hiyo yakashuka sana. Badiliko moja la mpangilio, lililofanyika kwenye mashine bila kumsubiri mtumiaji, lilifanya kazi ambayo miaka ya kuwahimiza watu wawe makini haikuweza.

Hata hivyo, hatujavuka. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, na baadhi zina Windows za zamani zisizopata masasisho. Msaada kwa XP ulikoma Aprili 2014, kwa Windows 7 Januari 2020, na msaada wa kawaida kwa Windows 10 Oktoba 2025. Zaidi ya hapo, watengenezaji wa virusi nao wamebadili mbinu. Wengi tumeona flashi ambayo mafaili yote yamegeuka njia za mkato. Mafaili halisi yamefichwa tu, lakini mtu akibofya njia ya mkato anaendesha kirusi kwa mkono wake.

Hatari hii haiko Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2023 wachunguzi wa kampuni ya Mandiant walieleza jinsi kirusi cha ujasusi kiitwacho Sogu, walichokihusisha na wadukuzi wa China, kilivyosambaa kwa flashi katika taasisi kadhaa, nyingi zikiwa ni matawi ya makampuni ya kimataifa barani Afrika. Tanzania na Kenya zilitajwa. Miongoni mwa vyanzo vya maambukizi walitaja kompyuta za pamoja katika maduka ya kuchapa na vibanda vya intaneti. Steshenari, basi, si mahali padogo pasipowahusu wadukuzi wakubwa.

Wapo watakaosema tuache flashi kabisa. Jeshi lenye mtandao wake linaweza kusema hivyo. Mtu anayepima kila MB ya bando hawezi. Wengine watasema tutume kila kitu kwa WhatsApp. Hilo linapunguza virusi, lakini linaacha kitambulisho cha NIDA na vyeti vya mteja kwenye simu ya mwenye duka. Na wapo watakaokumbusha, kwa haki, kwamba mwaka 2014 watafiti walionyesha flashi inavyoweza kujifanya kibodi na kuandika amri yenyewe, jambo ambalo kuzima uwezo wa flashi kujiendesha hakulizuii. Ni kweli, lakini shambulio hilo linahitaji kifaa kilichotengenezwa au kuchezewa makusudi, ilhali virusi vya steshenari vinamfikia yeyote.

Pale bandari kavu hakuna kontena linalofunguliwa kwa sababu tu limefika; nyaraka husomwa kwanza. Kompyuta ya nyumbani inastahili utaratibu huohuo.

Fundi na muuzaji wa kompyuta za mtumba wasiikabidhi mashine kabla ya kuzima AutoPlay, kuweka Windows inayopata masasisho na kuhakikisha kinga ya virusi inafanya kazi. Mwenye steshenari akague kila flashi kabla ya kufungua faili, na asafishe mashine zake mara kwa mara, kwa kuwa mashine yake moja inaambukiza mji mzima. Wewe msomaji, tenga flashi ya kuchapia yenye faili unalolihitaji tu. Washa mpangilio wa kuonyesha viambishi vya majina ya mafaili. Ukiona jina la barua yako linaishia na .exe, alama ya programu, usiibofye. Ukikuta mafaili yamegeuka njia za mkato, usikimbilie kufomati: mwambie fundi aondoe kirusi na kuyafichua. Na leo hii, kabla hujachomeka flashi nyingine, fungua mipangilio ya kompyuta yako uizime AutoPlay.