Baada ya Saa Nane

Kila mwaka katika darasa la Kiswahili la mwanzo kuna siku moja ya vicheko, nayo ni siku ya kufundishwa saa. Mwalimu anachora uso wa saa ubaoni, anaweka mshale mfupi kwenye nane, kisha anatangaza kwamba hiyo ni saa mbili. Wanafunzi wa Kimarekani wanashika vichwa. Sisi tuliozaliwa na lugha hii tunakaa nyuma tukitabasamu kama watu wenye siri. Juma linalofuata kuna jaribio la maswali kumi, na baada ya hapo saa ya Kiswahili inarudishwa kabatini pamoja na vitendawili na mafumbo. Leo naomba tuitoe kabatini, kwa sababu mimi imenitia aibu ambayo bado haijanitoka.

Ninasoma uuguzi. Siku ambazo sina masomo nafanya kazi ya mhudumu wa wagonjwa, nilipe kodi ya chumba changu hapa Cheektowaga, si mbali na Walden Avenue. Asubuhi moja ya theluji, katika kliniki ambayo sitaitaja, nesi aliniita kwa haraka. Alikuwa na mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Fizi, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Buffalo. Mtoto wake alikuwa na homa na maumivu ya sikio. Dawa ilikuwa amoksisilini ya maji, na dozi ya kwanza mtoto alipewa palepale, saa nne asubuhi. Nesi aliniambia: mweleze ampe tena kila baada ya muda wa saa nane, kwa siku kumi. Mkalimani wa simu alikuwa hajapatikana, na mimi nilikuwa nimesimama pale na Kiswahili changu cha Morogoro. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Nikamwambia, “Mama, utampa kila baada ya saa nane.” Akaitikia vizuri, akanishukuru, akaniita mwanangu, akaondoka.

Siku ya tatu alirudi. Mtoto bado alikuwa na homa na chupa ilikuwa imejaa karibu kama tulivyompa. Nikamuuliza, “Mama, hukumpa dawa?” Akashangaa. “Nilimupa kila siku kisha saa nane, sawa vile ulinisemea.” Na kweli. Kila siku saa nane mchana ikishapita alikuwa anamkamata mtoto, anampimia dawa, anamnywesha. Alikuwa hajakosa hata mara moja. Siku ile ya kwanza alimpa saa nne tu baada ya dozi ya kliniki, na tangu hapo akawa anampa dozi moja kwa siku badala ya tatu. Alifuata maelekezo yangu neno kwa neno, na neno lenyewe ndilo lilikuwa na sumu.

Mtoto alipona, msiwe na wasiwasi. Lakini hebu badilisheni dawa. Weka pale dawa ya kifafa, au insulini, au dawa ya kuzuia damu kuganda, kisha mfikirie siku tatu hizo.

Sisi wanafunzi wa uuguzi tunafundishwa mambo matano ya kuhakikisha kabla dawa haijaingia mwilini mwa mtu: mgonjwa awe sahihi, dawa iwe sahihi, kipimo, njia, na wakati. Tunayakariri mpaka tunayaota. Wodini Marekani imejenga kuta juu ya kuta ili yasikosewe. Mgonjwa anavalishwa mkanda wenye alama za mistari mkononi, dawa ina alama zake, kompyuta inalinganisha. Hata hivyo makosa hupenya. Walimu wetu hawachoki kutukumbusha kesi ya RaDonda Vaught, muuguzi wa Nashville ambaye Desemba 2017 aliandika herufi mbili kwenye kabati la dawa la kielektroniki, akitafuta dawa ya kutuliza iitwayo Versed, akachukua vecuronium, ambayo hupoozesha misuli. Mgonjwa alifariki. Machi 2022 mahakama ilimtia hatiani, na Mei akapewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi bila kifungo. Wauguzi nchi nzima waliogopa, nami naelewa hofu hiyo.

Ila kesi hiyo ilitokea ndani ya kuta. Mgonjwa akishavaa koti lake na kutoka kwenda kusubiri basi, zile alama za mistari hazimfuati. Muuguzi anayebaki ni mama yake mtoto, na ukuta unaobaki ni sentensi moja aliyoambiwa mlangoni. Kwa watu wetu wa mitaa ya magharibi ya Buffalo, sentensi hiyo inatolewa kwa Kiswahili, mara nyingi na mtu kama mimi.

Sasa tazameni jinsi saa yetu ilivyotegwa. Dawa nyingi hutolewa kila baada ya muda wa saa nne, sita, nane au kumi na mbili. Namba zote hizo ziko kwenye uso wa saa! Anayeambiwa “kila saa sita” akasikia adhuhuri na usiku wa manane atakunywa dozi mbili badala ya nne. Anayeambiwa “kila saa nne” akasikia saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku atakunywa mbili badala ya sita. Kwenye kumi na mbili lugha inatuokoa bila kujua, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni zimeachana sawasawa. Na “saa ishirini na nne” haina tatizo, maana hakuna saa ya ukutani kwetu inayofika huko. Lakini ile nane! Nane ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo ya dawa nyingi za watoto.

Hapa ndipo nina ugomvi na walimu wetu, nao ni ugomvi wa heshima. Mwaka jana niliandika “masaa manane” katika insha, ikarudi na duara jekundu. Sarufi sanifu inasema saa ni saa, ikiwa moja au zikiwa kumi. Najua. Lakini sikilizeni watu wanavyosema Kariakoo, Mombasa, Bujumbura, na hapa kwenye duka la Mwafrika la Grant Street. “Nimesubiri masaa manane” ni muda. “Nimesubiri mpaka saa nane” ni wakati. Wasemaji wenyewe, bila kamati wala warsha, wamejitengenezea tofauti ambayo kitabu hakikuwapa, na wanaitumia kila siku bila kukosea. Kama ningemwambia yule mama “kila baada ya masaa manane,” naamini angenielewa. Nilijizuia kwa sababu nilitaka kusema Kiswahili safi mbele ya watu.

Mwalimu mmoja niliyemsimulia alinijibu kwamba ningeweza kusema “kila baada ya muda wa saa nane” na sarufi ikabaki salama. Ni kweli, na kwenye karatasi nitaandika hivyo, kama nilivyofanya katika makala hii. Mdomoni, mtoto analia, nesi anatazama saa, mama ana tiketi ya basi mkononi, neno “muda wa” linamezwa na kinachobaki masikioni ni saa nane. Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Futeni “masaa” katika insha zetu za fasihi mkipenda. Katika mazungumzo ya dawa, tuachieni.

Na saa si mtego pekee. “Mara moja” ni mara ngapi? “Kunywa mara moja” ni dozi moja tu, au ni kunywa sasa hivi bila kuchelewa? Vitabu vya uuguzi hapa hupenda kutoa mfano wa Kihispania, kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya mara moja likisomwa kwa macho ya Kihispania ni kumi na moja. Tunacheka, tunasahau kwamba letu limejibana humo humo ndani ya lugha yenyewe. Halafu kuna “kutwa.” Kule Tanzania sote tumepewa vidonge kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3, na mtoa dawa akasema “kimoja kutwa mara tatu.” Tumekua nayo. Lakini kutwa ni kuanzia kuche mpaka jua lizame, na nimeona mtu akimeza vidonge vyake vyote vitatu kati ya chai ya asubuhi na magharibi, kisha usiku mzima mwili hauna kitu. Tena ile 1x3 Mmarekani haijui. Akiiona kwenye karatasi ya mgonjwa anadhani ni hesabu.

Majina nayo yana yao. Dawa ambayo sisi tunaiita parasetamoli au Panadol, hapa inaitwa asetaminofeni na wengi wanaijua kama Tylenol. Ni kitu kimoja. Mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Sasa mgonjwa ana Panadol aliyoletewa na shemeji, ana Tylenol aliyopewa na kliniki, na ana NyQuil ya mafua ambayo nayo ina asetaminofeni ndani. Kila chupa akiifuata kwa uaminifu, ini lake halijui kwamba majina ni matatu.

Mtaniuliza, wakalimani wako wapi? Wapo, na ni haki ya mgonjwa. Kanuni za mwaka 2016 chini ya kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 zilitaka mkalimani mwenye sifa, na zikakataza kumtumia mtoto kutafsiri isipokuwa dharura. Duka la dawa ni habari nyingine. Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, iliyataka maduka ya dawa yenye matawi manane au zaidi yatoe tafsiri bila malipo kwa lugha zinazozungumzwa na watu wengi jimboni. Zilizotajwa zilikuwa Kichina, Kiitaliano, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo, na kwa idadi yetu sitegemei kiingie karibuni. Basi lebo inabaki ya Kiingereza, na anayeisoma nyumbani ni mtoto wa darasa la sita. Na mtoto huyo aliyekulia hapa atasomaje? Wengi wao hutafsiri namba kama walivyoiona. 8:00 asubuhi kwake ni “saa nane asubuhi.” Mama yake hajawahi kusikia saa nane ya asubuhi, anakisia. Wengine waliosoma Kongo wanakutajia saa kwa Kifaransa. Katika sebule moja kuna saa tatu zinazogongana, na chupa ya dawa iko katikati.

Kosa langu, kama mmeliona, lilikuwa mawili. La kwanza ni kujifanya mkalimani kwa sababu tu nazungumza Kiswahili. Sina cheti hicho, na tangu siku ile nikiitwa nasema hivyo kwanza. La pili ni kutomuuliza mama anieleze yeye. Darasani tunafundishwa kumwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake, lakini kwa Kiingereza inasikika kama mtihani, na kwa mtu mzima wa kwetu ni utovu wa adabu. Huwezi kumwambia mama wa umri ule “rudia nilichosema.” Nimejifunza kusema hivi: “Mama, nisaidie nione kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utamwambiaje baba, dawa ya kwanza ni wakati gani, na ya pili je?” Mzigo wa kosa unakuwa wangu, naye anaongea kwa raha. Lingekuwa swali hilo tu, ile saa nane ingejulikana palepale mlangoni.

Kwa hiyo napendekeza kitu ambacho chama chetu kinaweza. Tuandike kadi ndogo ya Kiswahili ya ratiba za dawa, ipitiwe na mfamasia na mkalimani mwenye cheti kabla haijatoka nje ya chumba cha mikutano. Isitaje dawa yoyote, itaje nyakati tu. Kila muda uandikwe kwa namba za simu ya mkononi na kwa saa ya Kiswahili pamoja, na pembeni pawe na picha ya jua linapochomoza, jua la utosini na mwezi. Nao walimu, siku ile ya vicheko, waongeze swali moja kwenye jaribio: mtoto amepewa dawa saa nne asubuhi, apewe tena lini?

Mstari wa kwanza nimeshauandika, uko kwa katibu: “Mara tatu kwa siku, kila baada ya masaa manane: 6:00 asubuhi (saa kumi na mbili), 2:00 mchana (saa nane), 10:00 usiku (saa nne).” Mwalimu atakayeona kosa la sarufi humo aniandikie kwa wakati wake. Atakayeona kosa la dozi anipigie simu usiku huohuo.